Jiko la Chuma Liling'aa Nje, Likaziba Ndani: Uchambuzi wa Kisa

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya familia moja upande wa Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Nimeondoa jina la kijiji, majina ya wahusika na mambo ya kifamilia yanayoweza kumtambulisha mtu. Wenyewe wamekubali kisa kiandikwe ili wengine wajifunze. Kazi yangu ni ukarabati wa majiko na mabomba ya moshi, na hapa nilihusika kuanzia pale familia ilipokwama.

Majiko makubwa ya kuni ya chuma bado yapo katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Utayakuta kwenye nyumba za zamani za misheni, mashamba ya chai na ya miti ya miwati, shule za bweni, na nyumba ambazo wazee wetu walizinunua pamoja na kila kilichokuwemo. Nchini Kenya mengi yanaitwa Dover, kwa jina la aina moja iliyoenea sana tangu enzi za walowezi. Yametengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hiki kina kaboni zaidi ya asilimia 2, na ndiyo inayokifanya kiwe kigumu lakini rahisi kuvunjika. Bati ukiligonga linabonyea, ila chuma cha kusubu hupasuka. Kikipashwa joto taratibu na kupoa taratibu, kitawahudumia watu vizazi kadhaa.

Jiko la kisa hiki lina chumba cha moto kushoto na oveni kulia. Sahani yake ya juu ina vipande vitatu, na kwenye vipande viwili kuna matundu ya kupikia yenye vifuniko vya pete. Nyuma ya chumba cha moto kuna boila ndogo iliyokuwa ikipasha maji ya kuoga. Bomba la moshi linatoka nyuma na kuingia kwenye dohani ya matofali inayopita juu ya paa la bati.

Kabla ya kusimulia yaliyotokea, ni lazima nieleze njia ya moshi, maana kisa kizima kimo humo. Kwenye jiko la aina hii kuna kilango cha chuma kinachofunguliwa na kufungwa kwa mkono mdogo ulioko juu. Kikiwa wazi, moshi unatoka kwenye chumba cha moto na kwenda moja kwa moja kwenye bomba. Hivyo ndivyo moto unavyowashwa. Ukishakolea, kilango kinafungwa. Hapo moshi wenye moto unalazimika kupita juu ya oveni, kushuka ubavuni kulia, kupita chini ya sakafu ya oveni, na ndipo upande nyuma kwenda kwenye bomba. Oveni inapata joto la moto wenyewe upande wa kushoto, na joto la moshi pande tatu zilizobaki. Njia hiyo ni nyembamba, kama upana wa vidole vitatu, na kila siku moshi unaacha humo majivu na masizi. Juu ya oveni yanatanda, na chini yake yanajikusanya. Waliotengeneza jiko walilijua hilo, ndiyo maana chini ya mlango wa oveni waliweka kijilango kidogo cha kusafishia. Watu wengi wanakidhania pambo.

Yaliyotokea kabla fundi hajaitwa

Mwenye nyumba ni mama wa makamo ya juu, mwalimu mstaafu, anayeishi na mjukuu wake wa kike. Mume wake ndiye aliyekuwa akilitunza jiko. Alipofariki, mama alihamia kwenye gesi na mkaa, na jiko la chuma likawa meza ya kuwekea sufuria. Paa lilivuja juu yake kwa misimu kadhaa na kutu ikalishika sahani yote.

Mwaka huo kijana wake wa kwanza alikuja kutoka Dar es Salaam mwishoni mwa Mei. Njombe mwezi wa Juni na Julai baridi haina mchezo, asubuhi nyingine unakuta sakitu juu ya majani. Kijana alitaka mama yake awe na jiko linalopasha nyumba joto, na nia hiyo ilikuwa njema kabisa. Alitafuta maelekezo mtandaoni, akakutana na mengi ya watu wa Uingereza wenye majiko ya Aga, yale yaliyobuniwa mwaka 1922 na Msweden Gustaf Dalén, ambaye mwaka 1912 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Aga limepakwa enameli nje, yaani tabaka gumu linalong'aa kama kioo, hukaa limewaka mfululizo kwa moto mdogo, na siku hizi mengi yanatumia umeme, gesi au mafuta. Usafi wake ni kufuta enameli na kusugua sahani. Kijana akaufuata huo huo kwenye jiko la kuni lililokaa miaka bila kuwashwa.

Alisugua kutu kwa msasa. Mafuta yaliyogandamana aliyaondoa kwa kostiki, kemikali kali ya kusafishia, akaipaka pia kwenye mlango wa oveni ambao ulikuwa na enameli nyeupe. Nafasi ndogo zilizokuwa kati ya vipande vya sahani ya juu alizijaza saruji ya kawaida ya kujengea, akiamini ni nyufa zilizoachwa na uchakavu. Alifungua bomba la moshi akalipiga brashi kwa nje, kisha akalirudisha. Mwisho alipaka jiko zima rangi ya mafuta nyeusi yenye mng'aro. Picha aliyomtumia dada yake ilimfanya dada adhani limenunuliwa jipya.

Siku ya kuwasha, alitia kuni nyingi mara moja ili ndugu waone. Rangi ilianza kutoa moshi mkali na wote wakatoka nje wakikohoa. Walipumzika, wakarudia, na baada ya siku chache harufu ya rangi ikapungua. Moshi wa kuni haukupungua. Ulitoka kwenye pete za matundu na pembezoni mwa mlango, hasa jioni. Mjukuu, ambaye chumba chake kimepakana na jiko, alianza kuamka na kichwa kizito. Nyumbani wakasema ni rangi bado haijakauka vizuri.

Kisha maziwa yakafurika kwenye sahani iliyokuwa ya moto sana. Mtu mmoja akachukua jagi la maji baridi akamwaga ili yasigande. Walisikia mlio mmoja mkavu. Ufa ulikuwa umetoka ukingoni mwa kipande cha katikati kuelekea kwenye tundu la kupikia, urefu kama wa kidole cha shahada. Hapo ndipo mama alipoagiza niitwe.

Tulichokikuta

Nilimwamkia mama, akaniitikia, akanipa kiti, na kabla hata sijauliza akasema, "Mwanangu, baba yao alikuwa anachokonoa chini huko kila mwezi. Mimi sikujua anachokonoa nini." Sentensi hiyo ilinielekeza pa kuanzia.

Kijilango cha chini ya oveni kilikuwa kimezibwa na rangi mpya. Tulikata rangi kwa kisu, tukakifungua, nikaingiza kioo kidogo na taa ya simu. Majivu yalikuwa yamejaa hadi karibu kugusa sakafu ya oveni. Yalikuwa yameshika unyevu wa paa lililovuja na kuwa magumu kama tofali bichi. Kilango cha moshi kilikuwa kimeganda kwa kutu kikiwa karibu kimefungwa kabisa. Maana yake ni kwamba moshi ulilazimishwa kupita njia ndefu, na njia ndefu yenyewe ilikuwa imeziba. Ulipokosa pa kwenda, ukarudi chumbani.

Kwenye dohani tulikuta kiota cha ndege, vijiti na manyoya, kikiwa kimekaa kwenye kona ya chini ya kofia ya dohani. Bomba la chuma nalo lilirudishwa likiwa kichwa chini. Mabomba haya yana ncha moja nyembamba inayoingia ndani ya mwenzake, na ncha hiyo hutakiwa ielekee chini. Ikielekea juu, lami inayotokana na moshi hutoka kwenye maungio na kutiririka nje, badala ya kushuka ndani na kuungua.

Mlango wa moto ulikuwa na kamba ya kijivu, ngumu, inayotoa vumbi. Kwenye majiko ya miaka ile kamba za namna hii mara nyingi zilikuwa za asbestosi, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Kwa macho huwezi kutofautisha, kwa hiyo unaichukulia kuwa ni hiyo. Tofali moja la ndani ya chumba cha moto lilikuwa limepasuka.

Lililonitisha zaidi ya yote ni boila. Mabomba yake mawili ya maji yalikuwa yamekatwa miaka ya nyuma na ncha zake kugongwa zikafungwa. Ndani kulikuwa bado na maji kidogo, ukiigonga ulisikia. Boila iliyofungwa pande zote, yenye maji ndani, iliyokaa mgongoni mwa moto, ni bomu. Maji yakigeuka mvuke hayana pa kutokea, na chuma cha kusubu kinapopasuka kwa nguvu hiyo kinaruka vipande. Familia ilikuwa imewasha moto mbele yake kwa siku kadhaa. Nadhani kilichowaokoa ni kwamba moto haukuwa ukikolea vizuri kwa sababu njia ilikuwa imeziba.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza haukuwa na mjadala: jiko lisiwashwe tena hadi njia yote ya moshi ionekane wazi na boila ishughulikiwe. Nilimweleza mama na mjukuu kuhusu kaboni monoksidi, hewa inayotokana na moto usiopata pumzi, isiyo na rangi wala harufu. Ukisikia kichwa kizito asubuhi katika nyumba yenye jiko la kuni au la mkaa, hiyo si rangi, na si baridi. Fungua madirisha, toka nje, na jiko lisiwashwe hadi likaguliwe.

Kuhusu boila, kijana alitaka irudishwe kazini ili mama apate maji ya moto. Hilo lingehitaji tangi juu, bomba la kupumulia lililo wazi muda wote, na maji yasiyokatika. Maji ya pale hukatika. Boila inayokauka moto ukiwaka kisha ikaingiziwa maji baridi hupasuka. Tuliamua kuitoa kabisa na kujaza nafasi yake kwa matofali ya kuhimili moto. Mama alisikitika, maana mume wake alikuwa akijivunia maji yale. Lakini aliposikia sababu alikubali bila kusukumwa.

Ufa ulileta ubishi zaidi. Fundi mmoja wa kuchomelea alikuwa ameshaahidi kuuziba kwa bei ndogo. Kuchomelea chuma cha kusubu kwa vijiti vya kawaida ni kununua ufa wa pili: joto linakusanyika mahali pamoja, pembeni pakiwa baridi, na pakipoa panapasuka kando ya mchomo. Vinahitajika vijiti vya nikeli, sahani nzima ipashwe joto kwanza, kisha ipoe kwa saa nyingi ikiwa imefukiwa kwenye majivu au mchanga mkavu. Vifaa hivyo havikuwepo karibu. Tukachagua njia ya unyenyekevu zaidi, ya kuzuia ufa usiendelee, kwa kutoboa tundu dogo la milimita 3 pale unapoishia.

Rangi ilibidi itoke yote. Rangi ya mafuta haistahimili joto la sahani ya jiko. Huungua, hutoa moshi wenye madhara, na chini yake kutu inaendelea kula bila kuonekana. Saruji kwenye nafasi za sahani nayo ilibidi itoke. Zile hazikuwa nyufa. Ziliachwa makusudi ili kila kipande kipate pa kutanukia kikipata moto.

Kazi yenyewe

Tulianza juu kushuka chini, kwa sababu uchafu wa dohani unaangukia jikoni. Mdomo wa jiko tuliufunika kwa magunia yenye maji. Kijana alipanda paani asubuhi umande ulipokauka, maana bati lenye umande linateleza vibaya. Kiota kilitolewa kwa mkono. Kusafisha kuta za dohani tulifunga matawi ya msonobari kwenye kamba, na chini yake jiwe ndani ya gunia ili lisigonge matofali. Yakapandishwa na kushushwa mpaka masizi yakaacha kuanguka. Mnyororo wa chuma, ambao wengine huutumia, unavunja chokaa ya maungio ya dohani ya zamani.

Majivu yaliyogandamana chini ya oveni yalihitaji subira. Tulitengeneza kikwaruzi kwa nondo nyembamba iliyopindwa ncha, tukawa tunakwaruza na kuvuta nje kidogo kidogo. Juu ya oveni tulifika kwa kuondoa vipande vya sahani. Hapo tulikuta jambo la kufundisha: safu ya masizi meusi, laini kama sufi, yenye unene wa kucha tatu hivi. Masizi huzuia joto. Oveni yenye safu hiyo hula kuni nyingi na mkate hautoki na rangi juu.

Majivu ya zamani hayafai kuachwa ndani ya chuma hata kama jiko halitumiki. Yakishika unyevu yanakuwa makali, nayo hula chuma. Sakafu ya nje ya oveni ilikuwa imeanza kuchimbika kwa madoa. Kama jiko lingefagiwa ndani siku lilipoachwa kutumika, na likapakwa mafuta, sehemu kubwa ya kutu isingekuwepo.

Kamba ya mlango iliondolewa ikiwa imeloweshwa maji ili vumbi lisiruke. Tulivaa barakoa na glavu, hatukupiga brashi mahali pale hadi pafutwe kwa kitambaa chenye maji. Kamba na vitambaa vikafungwa ndani ya nailoni nzito mara mbili, na mama akaulizia kwa afisa afya wa kata mahali pa kupeleka. Kamba mpya ni ya nyuzi za kioo. Kuipima, unafungia kipande cha karatasi kwenye mlango. Karatasi ikichomoka bila kushikwa, mlango bado unavuja. Tulizunguka mlango wote hivyo, tukakaza bawaba ya chini.

Rangi ilitoka kwa brashi ya waya na kikwaruzi, nje ya nyumba, vipande vikiwa vimefunguliwa. Ilipobaki kutu tu, tulitumia stilwaya na mafuta ya taa kidogo, jiko likiwa baridi kabisa, tukafuta na kuacha hewa ipite hadi harufu iishe. Maji tuliyaepuka. Chuma kilichotoka kusuguliwa kikiguswa na maji kinarudisha kutu mbele ya macho yako.

Kutafuta mwisho wa ufa ilikuwa kazi ya kupendeza, na mjukuu ndiye aliyeifanya. Ufa wa chuma cha kusubu una sehemu unayoiona na sehemu usiyoiona. Tulipaka mafuta ya taa juu yake, tukasubiri yaingie, tukafuta pakawa pakavu. Kisha akasaga chaki, mama hakosi chaki nyumbani, akainyunyiza juu. Baada ya muda mfupi mstari mwembamba ulijichora kwenye unga mweupe, mafuta yakipanda kutoka ndani ya ufa. Mstari ulikuwa mrefu kuliko ulioonekana kwa macho. Kama tungetoboa tulipodhani ufa unaishia, tundu lisingesaidia kitu. Tulitoboa mwisho wa mstari wa chaki, taratibu, kwa keekee ya kasi ndogo, bila kusukuma.

Matofali mapya tuliyapanga kwa saruji maalumu ya moto iliyoagizwa Dar es Salaam. Nyuma yake, palipokuwa na boila, tulijaza kwa matofali na udongo wa kichuguu uliokandwa na mchanga, ambao mafundi wa matanuri hapa wanautumia toka zamani na unastahimili joto vizuri. Bomba lilirudishwa ncha nyembamba ikielekea chini.

Mwisho tulipaka. Sahani ya juu ilipakwa mafuta ya alizeti, kidogo mno, kisha yakafutwa kana kwamba yamepakwa kwa bahati mbaya. Mafuta mengi hugeuka ulimbo unaonata. Mafuta membamba yakipashwa joto hukauka na kuwa ngozi nyeusi inayokinga kutu. Karibu na chumba cha moto ngozi hiyo haikai, huungua, kwa hiyo huko na kwenye mlango tulipaka polishi nyeusi ya majiko yenye grafiti na kusugua kwa kitambaa.

Moto wa kwanza ulikuwa wa vijiti, kilango cha moshi kikiwa wazi, muda mfupi, kisha likaachwa lipoe lenyewe. Siku zilizofuata moto uliongezwa kidogo kidogo. Saruji ya moto ina maji ndani yake, na ukiikurupusha inatoka mapovu na kupasuka. Kabla ya kila kuwasha tulichoma gazeti moja mdomoni mwa bomba ili dohani ipate joto na ianze kuvuta. Dohani baridi asubuhi ya Juni haivuti, hata ikiwa safi.

Matokeo

Moshi uliacha kutoka chumbani tangu siku ya kwanza. Mjukuu hakulalamika tena kichwa, na hata hivyo tuliweka tundu la hewa ukutani na kuhamisha kitanda chake chumba cha pili. Oveni ilipata joto kwa kuni chache kuliko mama alizokumbuka kutumia enzi za mume wake. Ufa, hadi naandika haya, haujapita tundu.

Enameli ya mlango wa oveni haikurudi. Kostiki ilikula mng'ao wake, na enameli iliyokufa haisuguliwi ikafufuka. Mama anaifuta kwa maji ya sabuni ya kawaida na basi. Oveni pia inaunguza upande wa kushoto, ulio karibu na moto, kwa sababu bati la kinga la ndani liliisha zamani. Anageuza trei katikati ya kuoka.

Desemba mvua zilipoanza, moshi ulirudi kidogo kila mlango ulipofunguliwa. Nilipoitwa nilikuta bomba lina lami nyeusi inayong'aa kwa ndani. Chanzo kilikuwa kuni. Muwati ni kuni nzuri mno, lakini zilikuwa zimekatwa juzi na kulowa. Kuni mbichi inaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto unatumia nguvu kuyachemsha, moshi unapoa kabla ya kufika juu, na unaganda kuwa lami. Lami hiyo siku ikishika moto ndani ya dohani, huo ni moto wa kuteketeza nyumba. Kusafisha mwezi ule kulikuwa pia kumerukwa.

Uchambuzi

Kijana hakuwa mvivu. Alifanya kazi nyingi kuliko watu wengi wangefanya, na karibu yote aliifanya upande wa jiko usiogusana na moshi. Maelekezo aliyoyafuata hayakuwa ya uongo. Yalikuwa ya jiko jingine. Jiko la kuni lenye njia ya moshi kuzunguka oveni huanza kusafishwa pale usipoona, na nje ni kazi ya mwisho. Swali la kuuliza kabla ya kushika brashi ni: moshi unapita wapi, na mara ya mwisho mtu alifika huko lini?

Ufa una sababu mbili, na kwa maoni yangu saruji ina lawama kubwa kuliko maji. Sahani iliyofungwa pembeni ilikuwa tayari imebanwa ikitaka kutanuka, na maji baridi yakamaliza. Familia wanakumbuka jagi la maji kwa sababu walisikia mlio. Saruji hawaikumbuki kwa sababu ilikaa kimya. Kwa vyovyote, kitu kikifurika kwenye sahani ya moto kinaachwa kiungue, kisha kinakwaruzwa jiko likipoa. Chumvi kavu ikinyunyizwa juu yake inapunguza harufu.

Kilichofanya kazi vizuri ni kumsikiliza mama. Alikuwa na habari yote muhimu bila kujua maana yake: mume wake alikuwa akichokonoa chini kila mwezi. Katika nyumba zetu mtu mmoja hujua chombo fulani, na akiondoka ujuzi unaondoka naye. Wanaobaki hukumbuka matendo yake. Fundi anayeingia na kuanza kufungua vipande bila kuuliza wazee wa nyumba anajinyima ramani.

Uamuzi wa kutoirudisha boila naupima kuwa sahihi kuliko mengine yote, ingawa ndio ulioacha pengo kubwa zaidi. Mama anachemsha maji ya kuoga kwa sufuria kubwa upande wa kulia wa sahani, ambako joto ni la wastani. Ni usumbufu kwa mtu wa umri wake, na siupunguzi.

Ratiba tuliyoiandika kwenye kipande cha boksi na kuitundika ukutani ilifanikiwa nusu. Kazi za kila siku zilishika mara moja: kutoa majivu kabla hayajafikia chanja cha moto, kwa sababu yakikigusa hewa haipiti na chanja kinaungua na kupinda; kuyatia kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na kuni, maana kaa linaweza kuishi ndani ya majivu hata zaidi ya siku moja; kufuta sahani kwa kitambaa kikavu. Mjukuu aliyafanya bila kukumbushwa. Kazi ya kila mwezi, ya kijilango cha chini na bomba, ilisahaulika, kwa kuwa hakuna kitu nyumbani kinachoikumbusha. Baada ya Desemba tuliifunga na siku ambayo mama huenda mjini kuchukua pensheni. Tangu hapo haijarukwa.

Kuni nazo zilipewa kibanda chenye paa na pande wazi, zikapasuliwa kabla ya kupangwa. Za mwaka huu zinachomwa mwaka ujao. Mama anazijaribu kwa kugonganisha mbili: kavu zinalia, mbichi zinatoa mlio mzito.

Yaliyobaki

Tumeweka alama ya chaki pembeni ya tundu la ufa, na kila mwezi kijilango kinapofunguliwa mjukuu anaangalia kama mstari umepita. Ukipita na kufika kwenye tundu la kupikia, kipande hicho kitatolewa. Kijana ameshapima vipimo vyake na kuvipeleka kwenye karakana moja mjini, ambako wanaweza kukata bati nene la milimita 10 la chuma cha kawaida kwa umbo lile lile. Halitahifadhi joto vilevile na litapinda kidogo baada ya muda, lakini litapikiwa. Bati la kinga la oveni linakatwa hapo hapo, na likifika litafungwa kabla ya baridi ya Juni ijayo.